JERAHA NI AMANA
Maelezo juu ya kutibu majeraha kwa asali na gundi ya nyuki

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, Aliyemfundisha nyuki kujenga nyumba yake, Akatia shifaa katika kinywaji kitokacho tumboni mwa kidudu kidogo. Rehema na amani zimshukie Mtume Wake Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

MAS'ALA YENYEWE

Mkulima wa Ufipa yuko shambani kwake mwisho wa masika, anafukia majani katika matuta ya duara kama walivyofanya wazee wake. Jembe linateleza na kumpasua mguu juu ya kifundo. Anarudi nyumbani akichechemea, na jeraha limejaa udongo. Hospitali iko mbali, na nauli ni nzito. Chini ya kitanda iko chupa ya asali. Mkewe anataka apelekwe mjini. Ndugu yake mkubwa anakataa, akisema: Mungu Mwenyewe ametaja katika Kitabu Chake kuwa asali ina shifaa, basi mwenye kuiacha asali akaenda kutafuta sindano, imani yake ina kasoro. Jeraha linapakwa asali, linafungwa kwa kipande cha kanga kuukuu. Siku ya tano mguu umevimba, unatoa harufu, na homa imempanda mgonjwa hata hajui asemalo.

Mfano huu haumkusudii mtu maalumu. Waweza kutokea katika nyumba yoyote yenye jembe, chupa ya asali, na mtu mwenye moyo wa dini. Na ndani yake mna maswali matatu. La kwanza: Je, Aya haikusadiki? Hasha! La pili: Je, yule ndugu alikosa kwa kuiamini Aya? La, hakukosa kwa kuiamini. La tatu, ndilo zito: Mguu ule ukikatwa, au mtu yule akifa, ni nani atakayeulizwa mbele ya Mwenyiezi Mungu? Maelezo haya yamewekwa kwa ajili ya swali hilo la tatu. Na jawabu yake haipatikani ila kwa kuyatazama kwanza mawili yaliyotangulia.

NCHI NA NYUKI WAKE

Ufipa ni nyanda ya juu, baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mbizi iko jirani yake. Juu ya nyanda miti ni michache na nyasi ni nyingi. Lakini katika miteremko, na kaskazini kuelekea Mpanda na Inyonga, misitu ya miombo imetanda. Nchi hiyo ya Mpanda na Inyonga ilikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa mpaka mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Katavi, na asali yake inajulikana mbali. Miombo ikichanua, nyuki hushiba, na watu hutundika mizinga ya magogo na ya magome, kila mtu na alama yake.

Katika mzinga hutoka vitu vitatu. Cha kwanza ni asali, nayo kila mtu anaijua. Cha pili ni nta. Cha tatu ni gundi ya nyuki, ambayo aghalabu hutupwa pamoja na takataka. Gundi hii nyuki haitoi tumboni mwake. Huikusanya katika utomvu wa miti na machipukizi, akaichanganya na nta, akazibia nyufa za nyumba yake na kuupunguza mlango. Panya akiingia mzingani akafa, nao hawawezi kumtoa kwa uzito wake, humfunika kwa gundi hiyo asioze akawadhuru. Wayunani wa kale waliiita propolisi, yaani kitu kilicho mbele ya mji, kwa kuwa waliiona mlangoni pa mzinga kama ngome.

Wako pia nyuki wadogo wasiouma, wanaokaa katika mashimo ya miti na kuta. Asali yao ni nyepesi na ina uchachu, na watu wengi huithamini kwa dawa kuliko ya nyuki wakubwa. Lakini ina maji mengi zaidi, na kwa hiyo huchacha upesi isipohifadhiwa vema.

AYA YASEMA NINI

Katika Sura An-Nahl, nayo ni Sura ya 16, Aya ya 68 na ya 69, Mwenyiezi Mungu Anaeleza kwamba Alimfunulia nyuki afanye makao katika milima na miti na vitu wanavyovijenga watu, ale katika matunda, na kwamba hutoka matumboni mwao kinywaji chenye rangi mbalimbali, ndani yake mna shifaa kwa watu. Kisha Akaimaliza Aya kwa kusema kuwa katika jambo hilo iko dalili kwa watu wenye kufikiri.

Watu wengi huishia katika neno la shifaa, wakaliacha neno la kufikiri. Nayo yote mawili yamo katika Aya moja. Tena watu wa ilimu wameliangalia neno lenyewe la shifaa. Ibn Kathir, aliyekufa mwaka 774 wa Hijra, yaani 1373, amenakili kauli ya baadhi ya walioandika juu ya tiba ya Mtume: kwamba lau Aya ingalisema kuwa ndani ya asali imo shifaa yote kwa watu, ingalikuwa dawa ya kila maradhi; lakini imesema kuwa imo shifaa, basi inawafaa watu katika maradhi yanayoelekeana nayo. Kwa hiyo mwenye kudai kuwa asali inatosha kwa kila jeraha ameiongezea Aya neno lisilokuwamo. Na kuongeza katika neno la Mungu si imani, hata likiwa nia yake ni kulitukuza.

Hadithi ya mtu wa tumbo nayo yajulikana, wameipokea Bukhari na Muslim. Mtu alimjia Mtume (s.a.w.) akashitaki tumbo la nduguye, akaamriwa amnyweshe asali. Akarudi akasema kuwa maradhi yamezidi, akaamriwa vile vile, na tena vile vile. Mwisho Mtume akasema kuwa Mungu amesema kweli na tumbo ndilo lililosema uwongo, akanyweshwa tena akapona. Wengi husikia katika hadithi hii kuwa mtu aendelee tu, asitazame. Lakini Ibn al-Qayyim, aliyekufa mwaka 751 wa Hijra, ameeleza kuwa kule kurudiarudia kuna maana ya kitabibu: dawa lazima iwe na kadiri yake kulingana na maradhi na nguvu za mgonjwa, ikipungua haiponyi, na ikizidi hudhuru. Tena mtu yule hakukaa nyumbani akajiamulia. Kila hali ilipobadilika alirudi kwa mwenye ujuzi akamweleza yaliyotokea. Yule ndugu wa mkulima hakurudi kwa mtu ye yote mpaka siku ya tano.

JIWE NA TANURI

Wazee wa Ufipa walikuwa mafundi wa chuma. Walijenga tanuri za udongo ndefu kuliko kimo cha mtu, na mabaki ya baadhi yake yamesimama mpaka leo. Fundi alilijua jiwe lenye chuma kwa rangi na kwa uzito wake, wala hakuwa na shaka kuwa chuma kimo. Lakini hakulifunga jiwe katika mpini akaenda nalo shambani. Alilitia motoni, akatenga uchafu na chuma, akafua, ndipo likawa jembe. Je, fundi huyo alilikadhibisha jiwe kwa kulitia motoni? La. Moto ulikuwa ndiyo njia ya kukipata kile alichoamini kuwa kimo.

Ndivyo ilivyo kwa asali. Mwenye kuipima, akauliza inafaa jeraha lipi na haifai lipi, hakuijaribu Aya. Ameujaribu mkono wa binadamu ulioirina asali, na chupa iliyoitia, na kitambaa kilichofunga, na akili ya mwenye kufunga. Neno la Mungu halisemi uwongo. Mkono wa mtu ndio unaoweza kusema uwongo.

KAZI YA ASALI NA GUNDI KATIKA JERAHA

Kutia asali katika jeraha ni jambo la kale. Katika Misri, andiko la matabibu lililoandikwa yapata miaka 1,600 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.) linataja kufunga majeraha kwa asali na mafuta na nyuzi laini. Leo sababu zake zimejulikana. Ya kwanza, asali ina sukari nyingi na maji machache, aghalabu chini ya sehemu 20 katika 100. Huvuta maji kutoka katika vijidudu vya jeraha hata vikashindwa kukua. Ya pili, ina uchachu usiopendwa na vijidudu. Ya tatu, nyuki hutia ndani yake kimeng'enya, na asali ikichanganyika na majimaji ya jeraha kimeng'enya hicho huzaa kidogo kidogo haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile ya kuoshea vidonda, lakini kwa kiasi kisichounguza nyama. Fauka ya hayo huliweka jeraha katika unyevu, kitambaa kisigande na kupasua ngozi changa kinapotolewa.

Basi mwenye kuichemsha asali ili kuisafisha ameharibu kile kimeng'enya kwa moto. Na mwenye kuitia mbichi kama ilivyotoka mzingani yumo katika khatari nyingine, kwani asali mbichi yaweza kubeba mbegu za vijidudu ambazo hazifi ndani yake. Ndiyo sababu mtoto asiyetimiza mwaka mmoja hapewi asali hata kidogo. Asali inayotumiwa na matabibu husafishwa kwa miali ya gama, ambayo huua mbegu hizo bila ya moto. Mwaka 2007 serikali ya Marekani iliruhusu vitambaa vya kufungia majeraha vilivyotiwa asali ya namna hiyo.

Mwaka 2015 watu wa ilimu ya tiba walikusanya majaribio 26, yenye wagonjwa 3,011, wakayapima pamoja. Walikuta kuwa majeraha ya moto yasiyoshuka kina chote cha ngozi hupona kwa asali mapema, kwa kiasi cha siku nne au tano, kuliko kwa vitambaa vya kawaida. Na kwamba vidonda vya upasuaji vilivyoingia usaha vilifaidika nayo kuliko kwa dawa za kuoshea na shashi. Lakini katika vidonda vya miguu vitokanavyo na ubovu wa mishipa ya damu hawakuona faida, na katika majeraha mengine mengi hawakupata ushahidi wa kutosha wa kukata shauri. Hii ndiyo tafsiri ya vitendo ya neno la Ibn Kathir: shifaa imo, wala si kwa kila kitu.

Ama gundi ya nyuki, imethibiti katika vyumba vya kupimia kuwa huzuia baadhi ya vijidudu, khasa vile vinavyoleta majipu na usaha. Lakini gundi hufuata miti: ya nchi ya miombo si sawa na ya Ulaya, wala ya mwaka huu si lazima iwe sawa na ya mwaka jana. Na wako watu ambao ngozi zao huikataa, zikavimba na kuwasha, miongoni mwao warina asali wenyewe. Kwa hiyo aliyeona imemfaa jirani yake hana haki ya kuapa kuwa itamfaa mwingine.

MAJIVU YA UHUD

Mtu akisema: Tawakkul iko wapi katika upimaji wote huu? Huambiwa: Mtazame Mtume mwenyewe siku alipojeruhiwa. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, yaani 625, uso wake ulipasuka na damu ikatoka. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Ali alileta maji kwa ngao yake, na Fatima akawa analiosha jeraha. Fatima alipoona kuwa maji hayazuii damu bali yanaizidisha, alichukua kipande cha mkeka akakichoma, akalitia jeraha majivu yake, na damu ikakoma.

Katika jambo hili yako mafunzo matatu. Aliosha kwanza. Kisha alitazama. Kisha alipoona njia ya kwanza haifai, aliiacha akashika nyingine papo hapo; hakusubiri siku ya tano. Na Mtume, ambaye hakuna aliyemshinda kwa kumtegemea Mungu, alikaa akatibiwa. Naye ndiye aliyemwambia mtu aliyeuliza juu ya ngamia wake kwamba amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu.

Lakini wako watu walioshika majivu na kuacha macho ya Fatima. Wamesikia kuwa majivu ni dawa, wakayatia katika kitovu cha mtoto mchanga, na mtoto akafa kwa pepopunda. Hawa hawakufuata sunna. Wamefuata ganda lake. Sunna ilikuwa kuosha, na kutazama, na kubadili. Asali nayo ikishikwa bila ya macho huwa kama majivu hayo.

SHIFAA YA PILI

Abu Dawud amepokea kwa Jabir khabari ya watu waliokuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe, likampasua kichwa. Kisha akapatwa na janaba usingizini, akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kuwa hawaoni ruhusa maadam maji yapo. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika mno, akasema kuwa wao ndio waliomuua, na akawalaumu kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, kisha akaeleza kuwa shifaa ya kutojua ni kuuliza.

Na azingatie kila mwenye kutoa shauri juu ya jeraha la mwenziwe. Watu wale hawakuwa wabaya. Walikuwa Waislamu, wenye nia njema, wenye kuogopa kuacha faradhi. Walitaka kuilinda dini. Wala hawakumpiga jiwe wao. Hata hivyo waliambiwa kuwa wameua, kwa sababu walisema katika jambo la mwili wa mtu bila ya ilimu, wakayaweka maneno yao chini ya jina la sharia. Nia njema haikuwaondolea lawama.

Basi Mwenyiezi Mungu ametaja shifaa katika asali, na Mtume Wake ametaja shifaa katika kuuliza. Shifaa mbili hizi hazikuletwa zishindane. Mwenye kuishika ya kwanza akaitupa ya pili ameikata dawa yake nusu, na nusu aliyoitupa ndiyo inayoongoza mkono wa mwenye kutibu. Yule ndugu mkubwa hakukosa kwa kumwekea mkulima asali. Alikosa kwa kuifanya asali iwe sababu ya kutouliza.

DHAMANA YA MWENYE KUTIBU

Abu Dawud na Nasai na Ibn Majah wamepokea hadithi ambayo maana yake ni kuwa mwenye kujifanya tabibu hali hakujulikana kuwa na ujuzi wa utabibu kabla ya hapo, ni mwenye dhamana ya madhara atakayoyaleta. Wanavyuoni wameeleza kuwa tabibu mjuzi aliyepewa idhini, akafanya kazi yake kwa haki wala asizidishe, hana dhamana ikiwa Mungu hakukadiria kupona. Lakini asiyejua akatia mkono, hulipa, ijapokuwa hakutaka kudhuru.

Hukumu hii inawagusa wengi kuliko wale wanaoitwa waganga. Anaingia ndani yake mrina asali anayemwambia mnunuzi kuwa asali yake yatibu kidonda cha mwenye kisukari. Anaingia jirani anayemzuia mgonjwa asiende mjini. Anaingia pia mwenye kusimama msikitini akasema jambo asilolijua juu ya dawa kwa kuwa anajua Aya. Katika Tanzania, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imeweka baraza la kuwaandikisha waganga. Nayo inaelekeana na hadithi hiyo, kwani kuandikishwa ni njia mojawapo ya mtu kujulikana kuwa na ujuzi.

Na iko dhamana ya namna nyingine, nayo ni ya mwenye kuuza. Mtume alipitia rundo la nafaka sokoni, akatia mkono ndani, akakuta maji chini yake. Akamlaumu mwenyewe kwa kuwaficha watu, na akajitenga na kila mwenye kughushi. Anayeongeza maji ya sukari katika asali ya kula amekula haki ya watu. Anayeiuza asali hiyo hiyo kwa mtu mwenye jeraha amefanya lililo zaidi, kwa sababu asali iliyoongezwa maji haina tena ule ukavu wa kuvizuia vijidudu, bali huweza kuvilisha. Amechukua shilingi, na kwayo amemwachia mwenziwe usaha mguuni.

TABIBU ASIYE MUISLAMU NA SPIRITI KATIKA DAWA

Watu wengine huzuiwa si na asali, bali na kuona haya au chuki ya kutibiwa na mtu wa dini nyingine, khasa Ufipa ambako misheni zilitangulia kujenga zahanati na hospitali nyingi. Hawa wakumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) katika Hijra aliongozwa njia na Abdullahi bin Urayqit, hali ya kuwa hajasilimu, kwa kuwa alikuwa mjuzi na mwaminifu wa njia, na Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mtume alimwelekeza kwa Harith bin Kalada, tabibu wa Thaqif, ambaye wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya kusilimu kwake.

Katika nchi hiyo alikuwako Adrian Atiman, mtu mweusi aliyezaliwa karibu na mto Niger, akaibwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na mapadri na kusomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akatibu watu wa pande hizo mpaka alipokufa mwaka 1956. Na hospitali moja ya Sumbawanga inaitwa kwa jina lake. Kukiri ujuzi wa mtu katika majeraha si kuingia katika dini yake.

Ama gundi ya nyuki, haiyeyuki vema katika maji, na wengi huiyeyusha katika spiriti. Kunywa ulevi kwa dawa kumekatazwa, na Mtume alimjibu Tariq bin Suwayd kuwa ulevi ni maradhi wala si dawa. Kupaka juu ya ngozi kuna khitilafu baina ya wanavyuoni, na katika madhehebu ya Shafi ruhusa ya kujitibu kwa kilicho najisi ni pale kisipopatikana kilicho tahiri chenye kufaa mahali pake. Na kwa kuwa gundi yaweza pia kutiwa katika mafuta au marhamu isiyo na spiriti, aliye na khiyari na ashike hiyo. Na mwenye jeraha lililofungwa hakulazimishwa kulifungua kila wakati wa udhu: huosha palipo pazima, hupaka maji juu ya kifungo, na katika madhehebu ya Shafi hutayamamu pamoja na hayo. Sharia iliyolihurumia jeraha katika Sala haiwezi kufanywa sababu ya kulidhulumu katika tiba.

KHATIMA

Kwa muhtasari, mwenye asali safi na jeraha dogo juu ya ngozi, alioshe kwa maji safi mengi, aipake, afunge kwa kitambaa kilichochemshwa na kukaushwa, na alitazame kila siku. Hapo ametumia neema ya Mungu kwa adabu. Lakini jeraha likiwa na kina, au limeingia udongo au samadi, au ni la kuumwa na mnyama, au damu haikomi, au wekundu unatambaa, au pana harufu au homa, au mwenyewe ana kisukari, asali si mahali pake pa kukaa. Huyo apelekwe kwa matabibu siku hiyo hiyo, apate na chanjo ya pepopunda, na hakuna kasoro ya imani katika safari hiyo.

Wenyeji husimulia kuwa maana ya jina Sumbawanga ni kumwambia mtu anayefika autupe uchawi wake. Mji ulimtaka mgeni aache nje kile anachotegemea kuwatisha watu. Na mwenye kuingia katika nyumba ya majeruhi naye anacho kitu cha kuacha mlangoni: kiburi cha kusema ninajua, hali hajui. Akikiacha, na aingie na asali yake, na Aya yake, na swali lake.

Mwenyiezi Mungu awape shifaa wagonjwa, awape matabibu ilimu na huruma, na awajaalie warina asali wawe waaminifu kama nyuki wao. Na Mwenyiezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.